Kishingo kuzaa vifaranga wenye manyoya shingoni

SWALI: Nilinunua jogoo mmoja na matetea matano, wote kishingo, yaani kuku wa shingo tupu. Banda lina uzio, jogoo wa jirani haingii. Katika vifaranga 24 walioanguliwa, 7 wametoka na manyoya shingoni. Je, nimetapeliwa? Nifanyeje nipate kishingo watupu? – Msomaji, Chanika, Dar es Salaam

JIBU: Hukutapeliwa, ndugu msomaji. Kifaranga hupata jeni (chembe ya urithi) moja ya shingo kwa baba na moja kwa mama. Jeni ya shingo tupu ni tawala, ikiwepo moja tu shingo inakosa manyoya. Ile ya manyoya hujificha nyuma yake, haionekani mpaka kifaranga aipate kwa wazazi wote wawili. Basi jogoo wako anayo, na baadhi ya matetea, pengine wote, wanayo pia. Wazazi wote wakiwa mchanganyiko, yaani kila mmoja ana jeni moja ya shingo tupu na moja ya manyoya, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka na manyoya. Kwa vifaranga 24 hao ni 6. Wewe umepata 7. Kila yai lina bahati yake, kwa hiyo hata 4 au 9 usishangae.

Uzuri ni kwamba jeni hii haijifichi kabisa. Mshike kuku aliyekwisha kuota manyoya ya ukubwani, pitisha kidole mbele ya shingo kutoka kidevuni kushuka. Ukikuta kishungi cha manyoya juu kidogo ya gole (mfuko wa chakula chini ya shingo), mfano wa tai ya kuvaa shingoni, huyo ni mchanganyiko. Pakiwa patupu, au pana vinyoya vichache tu, ana jeni mbili za shingo tupu.

Tafuta jogoo asiye na kishungi. Huyo mmoja anatosha: vifaranga wake wote watakuwa kishingo, hata kwa tetea wa kawaida. Ila wa tetea wa kawaida wote watabeba jeni ya manyoya, kwa hiyo kizazi kinachofuata chagua na matetea wasio na kishungi. Kama shida yako ni joto la Dar tu, mchanganyiko naye hupoza mwili vizuri kuliko kuku wa kawaida, usiwe na haraka ya kuwaondoa.

Ukitaka uhakika, mpandishe jogoo mpya kwa matetea wenye manyoya shingoni. Kifaranga mmoja tu mwenye manyoya anatosha kumuumbua. Wakitoka 10 wote kishingo, jogoo mchanganyiko angeweza kukupa matokeo hayo mara 1 tu katika 1,024.

Wengi hukosea hapa: tetea huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani kwa wiki mbili, hata tatu. Mtenge naye kwanza, na mayai ya wiki tatu hizo yaende jikoni, si kwenye kuatamia.

Wale 7 usiwachinje wote. Hawana jeni ya kishingo hata moja, hivyo majike kati yao, wakishaanza kutaga, ndio hasa wa kumpimia jogoo mpya.