Jagi la fedha si la kuvunjwa

SWALI: Chama chetu kitashusha boti ya mbao Ziwa Kivu mwezi ujao. Parokia imetuazima jagi la kioo lenye ukosi na mpini wa fedha kwa ajili ya kuipa boti jina, lakini fedha imepiga weusi. Tulisafishe vipi, na tulipige wapi lipasuke? – M.B., Ibanda, Bukavu

JIBU: Msilipige popote, ndugu M.B.! Jagi hilo ni la kumiminia. Waingereza wa karne ya 17 walitumia kikombe cha fedha, divai ikamwagwa sitahani na kikombe kikatupwa majini. Gharama iliwashinda, wakahamia chupa.

Weusi huo si kutu. Ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Ile njia ya maji moto, magadi na karatasi ya aluminiamu iachieni vijiko. Ukosi wa jagi mara nyingi umegandishwa kwa jasi, na jasi ikilowa kioo huanza kucheza. Chukueni kijiko cha chaki laini, matone ya spiriti na maji, mkoroge kama uji mzito, mpake kwa pamba. Dawa ya meno na majivu hukwaruza. Weusi ulio ndani ya nakshi uacheni, ndio unaoonyesha maua. Rangi ya shaba ikichungulia, acheni hapo hapo: ni fedha ya kupakwa. Na jagi libebwe kwa tumbo, si kwa mpini.

Cha kupasua ni chupa ya shampeni, 750 ml. Kioo chake ni kinene kwa sababu ndani mna shinikizo la bar 6 hivi, karibu mara tatu ya tairi la gari, na kwenye ubao hudunda tu. Seremala apigilie kipande cha chuma kwenye omo, yaani mbele ya boti. Fundi vioo aichanje kwa almasi, mstari mmoja kuzunguka tumbo, asubuhi ileile, chupa ikiwa baridi na imefungwa taulo, naye amevaa miwani na glavu. Iliyochanjwa ikiachwa juani yaweza kulipuka mezani.

Ivisheni soksi ndefu ya nailoni, kisha wavu wa waya uliobana, vigae visibaki ufukoni wanakoogelea watoto. Kitambaa kinene hapana, kinameza pigo. Kamba ifungwe chini ya ukingo wa shingo, chupa ivutwe nyuma na kuachiwa.

Chanjeni chupa mbili, moja ya akiba. Mwaka 2007 huko Southampton, chupa ya meli Queen Victoria ilikataa kuvunjika mbele ya Camilla mwenyewe, mke wa Charles wa Uingereza. Ikishapasuka, jagi limwage divai yake juu ya omo, lisuuzwe na kukaushwa papo hapo, maana asidi ya divai hutia fedha madoa.