Kabla Hujauliza Ah Ngapi, Uliza Betri Itafungwa Wapi

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu sola ya gari la kulala anaanza na swali lile lile: niweke betri ya Ah (ampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ngapi? Mimi humuuliza kwanza kitanda kiko wapi, tenki la maji liko upande gani, na chini ya sakafu yake kunapita nini. Nafanyia kazi hii Arusha. Magari ninayofunga mengi ni Land Cruiser na Coaster zilizogeuzwa ziwe za kulala, na safari yao ni Ngorongoro na Serengeti. Lami inaishia geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo hadi Naabi, geti la Serengeti, na kuendelea ni vumbi, kokoto na vituta vidogo vidogo visivyoisha, na chochote kilicholegea kitajulikana tu.

Sifa ya lithiamu kuwa nyepesi imewapoteza wengi. Ni kweli betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu inayotumika sana kwenye sola) ya volti 12.8 na Ah 100 ina kilo 11 hadi 13 hivi, wakati ile ya zamani ya risasi na asidi ya Ah hizo hizo hufika kilo 25 au 30. Lakini mwenye friji, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na jiko la umeme hatosheki na Ah 100. Anataka 300, anataka 400. Jumlisha fremu, inveta na nyaya, umeshapita kilo 60, na mara nyingi mzigo huo unasukumwa uvunguni mwa kitanda, nyuma ya viti.

Sasa piga hesabu. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Betri moja ya kilo 30 itavuta vifungio vyake kwa nguvu ya kilo 600. Mbele yake kuna mgongo wa dereva, pengine na watoto. Kila ninaposhika drili huwa naifikiria hesabu hiyo, na ndiyo maana sikubali skrubu za mbao kwenye plaiwudi, hata mteja akisema zimekaza vizuri. Mkanda wa kufungia mizigo nao peke yake hautoshi, kwa sababu mtikisiko unaulegeza kidogo kidogo.

Ninachofanya ni kuchomelea fremu ya chuma cha pembe cha milimita 40, yenye kitako chini na kingo pande zote nne. Betri inakaa ndani juu ya mpira mnene, halafu juu yake napitisha chuma bapa chenye mpira pia. Mpira huo usiusahau: chuma kikigusa plastiki ya betri moja kwa moja, kitaila. Fremu naifunga kwa bolti za M10 (unene wa milimita 10) zinazotoboa sakafu hadi chini, na chini naweka bamba la chuma upana wa kiganja ili bolti isichomoke na kipande cha bati. Penye mbavu za bodi au chasi, ni bora zaidi kushika hapo. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani. Na kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie kwa macho yako mabomba ya breki na ya mafuta yamepita wapi.

Mahali pazuri ni chini kabisa, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, upande ulio mkabala na tenki la maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tenki na betri vikikaa upande mmoja gari litalala. Coaster ina mkia mrefu, na uzito ukiwekwa kule mwisho unainyanyua mbele, usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyofaa. Ukimaliza kazi pita kwenye mzani, upime kila ekseli peke yake.

Mimi naiweka betri ndani ya gari. Nje kuna mawe na maji, na karibu na injini kuna joto linaloila mapema. Baridi nayo ni adui: lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, usiku wa Juni na Julai si wa mchezo. Nunua betri ambayo BMS yake (saketi ya ndani inayoilinda) inakata chaji yenyewe kwenye baridi.

Kuna gari lililetwa kwangu likitoka porini, betri yake imefungwa na fundi mwingine. Waya mnene wa chanya ulikuwa umelazwa kwenye ukingo mkali wa chuma. Ganda lilikuwa limesagika, shaba inang'aa, imebaki kama unene wa karatasi kabla haijagusa bodi. Na fyuzi ilikuwa mbali kule kwenye inveta, ambako isingesaidia kitu. Fyuzi ikae kwenye nguzo ya chanya ya betri au karibu nayo kadiri iwezekanavyo. Kwa betri kubwa za lithiamu mimi nachagua fyuzi za aina ya Class T, kwa sababu shoti yake hutoa maelfu ya ampia, na fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka huku cheche zikiendelea kupita. Inveta ya wati 2,000 kwenye volti 12 huvuta ampia 160 hadi 180, hivyo natumia waya wa milimita za mraba 70, mfupi, wenye mpira kila unapotoboa chuma na wenye ulegevu kidogo usivute nguzo gari linapotikisika.

Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, zima kila kitu, pitisha spana kwenye bolti zote za fremu, kisha kwenye nguzo kwa kipimo cha kukaza alichoandika mtengenezaji. Nguzo nyingi ni laini, ukizidisha unaharibu nyuzi za skrubu. Kwa hiyo seremala akija kutengeneza kitanda, mwambie aache kifuniko kinachofunguka juu ya betri, kikubwa cha kuingiza mikono miwili na spana.