Je, kumsemesha mpinzani kwenye poka ni kosa?

Ndugu, huyo jamaa anayekuuliza "unazo nini wewe?" kabla hujaamua havunji sheria. Kwa kawaida mkibaki wawili, porojo ni sehemu ya mchezo. Kosa ni kwa aliyekwisha tupa karata kuanza kutoa ushauri, huyo anyamaze. Kutaja karata zako wakati mchezo haujaisha nako huadhibiwa kwenye mashindano mengi.

Maneno yana nguvu kweli. Las Vegas, fainali ya World Series of Poker 1998, mashindano makubwa ya poka, karata za mezani ambazo wote wawili wanazitumia zilikuwa nane tatu na tisa mbili. Mchezaji Scotty Nguyen akaweka dau la chipu zote, akamwambia mpinzani wake Kevin McBride kwamba akifuata dau, mchezo umekwisha. McBride akafuata kwa karata za mezani tu. Nguyen alikuwa na tisa mkononi, iliyomfanya azishinde hizo za mezani, akawa bingwa. Hakudanganya hata neno!

Kwa hiyo usihangaike na anachosema, angalia kimebadilika nini. Msemaji aliyenyamaza ghafla baada ya kuweka dau kubwa ananipa habari zaidi kuliko kelele zake zote. Wewe ukihofia maneno yako yatakufichua, kaa kimya tu, hulazimiki kujibu.