Maswali ya Wasomaji: Tandu Wangu Anajivua Gamba au Anaumwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Hamburg, Ujerumani, na ninafuga tandu mkubwa wa Kiafrika, yule mwenye miguu ya buluu. Kwa wiki tatu sasa amekataa nyenje ninaompa, rangi yake imefifia na anashinda ametulia tuli. Rafiki yangu anasema anajiandaa kujivua gamba, lakini mimi nahofia anakufa. Nitatofautishaje?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Ndugu msomaji, dalili tatu ulizozitaja hazitoshi kutoa jibu, kwa sababu tandu anayekaribia kujivua gamba na tandu anayeumwa wote hukataa chakula, hufifia na hutulia. Hukutueleza mambo mawili yenye uzito zaidi, nayo ni mahali anapolala na jinsi pingili za mwili wake zinavyoonekana.

Tandu wa aina yako, ambaye wataalamu humwita Ethmostigmus trigonopodus, hujificha anapojiandaa kujivua gamba. Hujichimbia chumba chini ya gome au ndani ya udongo na kubaki humo, huku mwili wake ukiwa umejaa kiasi kwamba ngozi laini iliyo kati ya pingili moja na nyingine huonekana waziwazi. Kukataa kwake chakula kuna sababu, kwani pamoja na gamba la nje hubadilisha pia utando wa ndani ya koo na wa sehemu ya mwisho ya utumbo, na kazi hiyo haiendi pamoja na kula. Tandu mzima hujivua takriban mara moja kwa mwaka, na wachanga mara nyingi zaidi. Kwa hiyo, ikiwa unakumbuka alijivua lini mara ya mwisho, tarehe hiyo itakusaidia kuliko maoni ya rafiki yako.

Anayeumwa kwa kawaida hafanyi hivyo. Hutoka hadharani mchana kweupe, akajilaza kando ya bakuli la maji au akajibanza kwenye kioo. Mwili wake huwa bapa, na pingili husogeleana hadi zikaonekana kuingiliana. Mwangalie zaidi anapotembea: miguu ya tandu mwenye afya hupokezana kwa wimbi linalopita mwili mzima, ilhali ya mgonjwa hujikwaa, na ile ya nyuma huburuzwa tu. Madoa meusi yanayopanuka kwenye pingili au kwenye ncha za miguu nayo si dalili ya kujivua gamba.

Ukiona mwili umesinyaa, shuku kwanza ukosefu wa maji, hasa ikiwa chumba chako kina hita inayowaka usiku na mchana wakati wa baridi. Gamba la tandu halizuii maji kupotea kama la wadudu wengi, hivyo hewa kavu humkausha upesi. Lowesha udongo wa upande mmoja wa chombo hadi chini, uache upande wa pili ukiwa mkavu kiasi, na uweke maji safi katika bakuli la kina kifupi. Wapo wanaolowesha chombo kizima na kuziba matundu ya hewa kwa huruma, na kwa kufanya hivyo hualika ukungu. Ikiwa tatizo lilikuwa kiu tu, mara nyingi atakunywa kwa muda mrefu na mwili utaanza kujaa tena.

Zaidi ya hayo, ikiwa ni jike na amejikunja kuzunguka kitu, huenda analalia mayai, kwani majike hukaa wiki nyingi bila kula wakiyalinda. Usimfukue, maana akisumbuliwa anaweza kuyala yote.

Kwa sasa ondoa nyenje wote, kwa kuwa tandu ambaye gamba lake jipya bado laini anaweza kutafunwa na chakula chake mwenyewe. Wala usimchokoe kwa kidole ili kujua kama yu hai. Kuumwa naye kunauma sana, na tandu dhaifu bado ana sumu.

SWALI: Tandu wangu amejivua gamba jana usiku, lakini miguu miwili ya nyuma imenasa ndani ya gamba la zamani. Je, nimsaidie kwa kulivuta?
Msomaji, Nairobi

JIBU: La, usilivute. Gamba hupasuka kichwani, tandu akatoka kwa mbele na kuliacha nyuma likiwa limekunjamana kama soksi iliyovuliwa. Sehemu inayonasa huwa ni ya mwisho, na mara nyingi chanzo ni ukavu. Ongeza unyevu karibu naye, kisha umwache. Akiikata miguu hiyo mwenyewe, itaota tena atakapojivua siku zijazo, ingawa mwanzoni huwa mifupi. Gamba lililobaki usiliondoe, kwani wengi hulila. Usimpe nyenje hadi kucha za sumu zilizo chini ya kichwa, ambazo sasa ni nyeupe, zitakapokuwa nyeusi kabisa. Kwa tandu mkubwa hilo laweza kuchukua wiki moja au mbili.