Kwa wanaoanza kutunga muziki wa mandhari wakiwa Dodoma

Mteja wa kwanza kunilipa alikuwa mtengeneza filamu aliyekuja kupiga picha mashamba ya zabibu. Nilimtungia dakika kumi na mbili za muziki, na kwa wiki tatu sikulala vizuri. Alipomaliza kuitazama filamu yake akaniambia, "Kaka, mimi hata sikuusikia muziki. Niliwaona wakulima tu." Niliumia. Nilitaka kumwuliza zile wiki tatu zilikuwa za nini. Jioni ile ile akatuma fedha, na baada ya miezi miwili akaniletea kazi nyingine.

Zoeeni sifa za namna hiyo, maana nyingine ni chache. Mfaransa Erik Satie, mwaka 1917, aliziita baadhi ya tungo zake muziki wa samani, uwepo chumbani kama kiti kilivyo. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno akatoa albamu aliyoikusudia kwa viwanja vya ndege, na jina la ambienti likashika kuanzia hapo. Mimi naita muziki wa mandhari. Na asiwadanganye mtu kwamba ni mambo ya Wazungu: Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, alitoa albamu yake Peel mwaka 2020, na kazi zake nyingi zinaanza na sauti alizorekodi mitaani.

Lakini msitegemee ukumbi. Wenzetu wa singeli kule Dar wanavuka mapigo 200 kwa dakika, watu wanacheza, na hela inaonekana mlangoni. Sisi tunaweza kukaa dakika nne bila pigo hata moja. Wanunuzi wetu ni watu wa filamu za maelezo, vipindi vya redio, michezo ya jukwaani, maonyesho, na mara moja moja hoteli inayotaka kitu cha kupiga mapokezi. Kodi ya nyumba yangu kwa miaka minne ya mwanzo ilitoka kwenye kufunga spika harusini na kwenye mikutano. Sioni aibu kulisema. Anayewaambia acheni kazi mfuate ndoto, mwulizeni nani anamlipia umeme.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa kuwa ndivyo mnavyoniuliza kila siku na ndivyo visivyo na shida. Kompyuta mpakato ya mtumba inatosha ikiwa na memori ya kutosha. Hedifoni nzuri za kufunika masikio ni bora kuliko spika za studio ndani ya chumba cha tofali kisicho na zulia wala pazia. Kinasa sauti cha mkononi ndicho cha kununua kipya. Rekodini kwa ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, maana watu wa filamu ndivyo wanavyotaka. Saa moja ya stereo itakula takriban GB 1. Nakala ziwe mbili, na moja isilale nyumba moja na ile nyingine. Mimi nilijifunza hilo baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, ukaondoka na diski yangu na sauti za mwaka mzima.

Kinachosumbua hapa ni upepo. Dodoma ni nchi kavu na wazi, na kuanzia Juni hadi Septemba unavuma karibu mchana kutwa. Ukiingia kwenye maikrofoni hausikiki kama upepo, unasikika kama mtu anapiga godoro, na hakuna programu itakayouondoa bila kula na sauti uliyoifuata. Vikeni maikrofoni kifuniko cha manyoya, kateni sauti nzito zenye masafa ya chini ya hezi 80, kisha rekodini alfajiri. Saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi ni saa zetu: adhana, majogoo, mbuzi wanaotolewa zizini, bodaboda ya kwanza. Masika nayo, Desemba hadi Aprili, bati la nyumba linageuka ngoma. Mvua ya kwanza niliyoirekodi nilidhani nimepata dhahabu; nilipoisikiliza niliona ni kelele moja bapa. Siku hizi naifuata kwenye turubai, kwenye ndoo, kwenye majani ya mkorosho, kila mahali kwa rekodi yake, halafu nachanganya.

Sasa niwaeleze kosa langu kubwa.

Nilikwenda kijiji kimoja upande wa Mvumi kumrekodi mzee anayepiga ilimba, ile marimba ya Wagogo yenye ndimi za chuma, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliitembeza duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Mzee alinipokea vizuri, mbukwa nyingi, ndiyo salamu ya Kigogo, akapiga saa nzima. Nyumbani nikaweka sauti zake juu ya sintesaiza yangu, ile ala ya umeme inayounda sauti, na zikagombana. Nikaamua ilimba "imetoka kwenye tyuni." Nikachukua programu ya kunyoosha sauti, nikavuta kila noti mpaka ikakaa kwenye kinanda. Ikawa laini, tamu, kama muziki wa kwenye lifti. Nikarudi kumsikilizisha kwa fahari. Akasikiliza kidogo, akavua hedifoni, akasema, "Mwanangu, huyu anayepiga ni nani?"

Ilinichukua muda kuelewa nilichofanya. Sauti za muziki wa Kigogo zinafuata ngazi ya asili, ile inayojitokeza yenyewe uzi unapotetema mzima, kisha nusu, kisha theluthi, na kuendelea. Kinanda cha kisasa hakifuati hiyo. Kimegawa oktavu, yaani umbali wa noti hadi inapojirudia juu yake, sehemu kumi na mbili zilizo sawa; kila sehemu ni nusu toni, nayo wanaihesabu kuwa senti 100, kipimo cha sauti na siyo cha fedha. Sauti ya saba katika ngazi ya asili inaangukia senti 31 chini ya ufunguo wa kinanda ulio karibu nayo. Ya tano iko chini kwa senti 14. Sikio linazisikia tofauti hizo hata kama mwenye sikio hajui kuzieleza. Na ule mvumo wa kukereketa kwenye ilimba, ambao nilikuwa nimeusafisha nikidhani ni kasoro ya rekodi, unatokana na utando wa buibui uliobandikwa makusudi kwenye tundu la kisanduku. Kwa hiyo nilikuwa nimemnyang'anya mzee ngazi yake na sauti yake, nikambakizia vidole.

Nikaanza upya kwa kugeuza kazi. Ilimba ikabaki ilivyo, sintesaiza ndiyo ikasogezwa. Karibu kila sintesaiza ya kwenye kompyuta inaruhusu kubadili tyuni ya kila ufunguo. Watu wengi hawajawahi kuifungua menyu hiyo. Msichukue zile namba zangu mkazipachika tu, kwa sababu kila fundi ana mkono wake na kila ilimba ina ndimi zake. Pimeni ilimba iliyo mbele yenu, ulimi mmoja mmoja, muandike. Mimi ilinichukua siku mbili. Baada ya hapo niliweka sauti moja ndefu ya sintesaiza chini ya ilimba, na kwa mara ya kwanza vikakaa pamoja bila mimi kulazimisha chochote.

Kuhusu karatasi, niliwahi kuuza muziki kwa ujumbe wa simu, "poa kaka, laki tatu," nikautuma. Mwaka uliofuata nikausikia kwenye tangazo la biashara nyingine kabisa, na sikuwa na pa kushika. Siku hizi ukurasa mmoja unatosha: unatumika wapi, kwa muda gani, nani anabaki na haki, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini hailindi usichoweza kuthibitisha ni chako. Mtandaoni msitarajie makubwa: tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, na rekodi tupu za mvua au upepo zenye urefu chini ya dakika mbili haizilipi kabisa.

Mzee naye ana ukurasa wake. Kila kazi yenye ilimba yake ikilipwa, theluthi inakwenda kwake. Tulimsomea mzee, mjukuu wake akiwepo, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na fedha inapita kwenye simu ya mjukuu. Andikeni namba mbili, siyo moja. Laini ya kwanza ilipotea ndani ya miezi mitatu, ikabidi nipande basi kwenda kumpelekea mkononi.