Maswali na Majibu: Bima ya Safari

Swali: Nina afya njema na ninasafiri kwa wiki moja tu. Bima ya nini?

Jibu: Afya njema haimkingi mtu na ajali ya barabarani. Bima ya afya unayotumia nyumbani mara nyingi haivuki mpaka, na hospitali nyingi humtaka mgeni athibitishe atalipaje kabla ya kumlaza. Mzigo mzito zaidi ni kumrejesha mgonjwa kwao: asiyeweza kuketi hulazwa kwenye machela inayochukua nafasi ya viti kadhaa vya ndege ya abiria, akisindikizwa na daktari au muuguzi, na hali ikiwa mbaya zaidi hukodiwa ndege ya wagonjwa. Familia chache zinaweza kuchanga fedha hizo kwa siku mbili. Kwa hiyo, unapolinganisha bima, anza na kiwango cha matibabu. Fidia ya begi ije baadaye. Waombaji wa viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa kawaida hawana hiari: lazima waoneshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000.

Swali: Niikate lini?

Jibu: Mara tu unapolipia tiketi, kwa sababu bima haifidii janga lililokwisha kujulikana. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya Aprili 2010, aliyekimbilia bima baada ya tangazo alikuwa amechelewa.

Swali: Nina kisukari. Nisipokitaja, si nitalipa ada ndogo?

Jibu: Utalipa ndogo, kisha ukiugua kampuni itaomba faili lako la hospitali na kuyakataa madai. Kitaje.

Swali: Kwa nini watu hunyimwa fidia?

Jibu: Zipo kampuni zenye ubishi, sitazitetea, lakini sababu nyingi zimeandikwa katika kurasa ambazo wateja hawazisomi: kuendesha pikipiki bila leseni, kuumia ukiwa umelewa, au kupiga mbizi bila kulipia nyongeza. Nyingine ni za utaratibu. Mzigo usipofika, jaza fomu kwenye dawati la shirika la ndege kabla ya kutoka uwanjani. Ukiibiwa, chukua ripoti ya polisi, ambayo mikataba mingi huitaka ndani ya saa 24. Na ukilazwa, wewe au ndugu yako apige namba ya dharura iliyo kwenye hati ya bima kabla ya kukubali upasuaji usio wa haraka, kwani kampuni huweza kugoma kulipia ambacho haikukiidhinisha.