Unaanza kazi kwenye meinfremu? Anza na saa

Wanaoanza kazi kwenye meinfremu za IBM (kompyuta kubwa za benki na taasisi) wakiniuliza wasome nini kwanza, nawajibu: saa. Wengi hushangaa. Kwenye kompyuta ya mezani saa ikichelewa dakika mbili hakuna anayejali. Huku, mashine mbili zinazotumia hifadhidata moja zikipishana hata sehemu ya elfu moja ya sekunde, salio la mtu linaweza kuharibika.

Chukua akaunti yenye shilingi 20,000. Mteja anaweka 50,000 kupitia mashine A, salio linakuwa 70,000. Papo hapo zinatolewa 30,000 kupitia mashine B, zinabaki 40,000. Kila mashine huandika logi yake, yaani kumbukumbu ya miamala, na kuigonga muhuri wa saa yake. Saa ya B ikiwa nyuma, muhuri wa kutoa unatangulia wa kuweka. Siku diski ikifa na logi hizo mbili zikaunganishwa ili kurejesha data, kuweka ndiko kutakakofuata mwisho, na salio litasomeka 70,000. Zimezuka 30,000 ambazo hazipo, na huenda usione ujumbe wowote wa hitilafu.

Kwa hiyo saa kukubaliana ni jambo moja, kuwa sahihi ni jingine, na la kwanza ndilo zito. Kundi zima likichelewa sekunde tatu kwa pamoja, mpangilio wa miamala unabaki salama.

Zamani kazi hii ilifanywa na kifaa cha pembeni, Sysplex Timer. Siku hizi ni STP (Server Time Protocol), inayopitisha ujumbe wa saa kwenye nyaya zilezile zinazounganisha mashine. Mashine moja huwa chanzo cha saa, ngazi (stratum) ya 1. Zinazoifuata moja kwa moja ni ngazi ya 2. Nyingine hukaa akiba, na ya tatu huwa mwamuzi: huisaidia akiba kujua kama chanzo kimezimika kweli au ni nyaya tu zimekatika, pasije pakatokea vyanzo viwili vya saa.

Hapo ndipo nawaomba muwe makini kuliko kwingine kote. Fundi akija kuzima mashine kwa matengenezo, uliza kwanza: hii ndiyo chanzo cha saa? Kama ndiyo, hamishieni jukumu hilo kwenye akiba kabla umeme haujaguswa, kisha andika D ETR, amri ya kuonyesha hali ya saa, kwenye konsoli ya kila mfumo. Tazama SYNCHRONIZATION MODE uone imeandikwa STP, halafu namba ya STRATUM. Usiridhike na mfumo mmoja. Mfumo wa z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu) ulio kwenye sisipleksi, yaani kundi la mifumo inayofanya kazi pamoja, ukipoteza chanzo cha saa hauendelei kwa kubahatisha. Humuuliza opereta ajaribu tena au asimamishe, na usiku wa manane hilo si swali la kukutana nalo kwa mara ya kwanza.

Saa ya kundi ikipishana na ya nje, kuwa na subira. STP huivuta taratibu, takriban sekunde 1 kwa saa 7, bila kuirudisha nyuma. Tofauti ya dakika nzima itachukua siku 17 na nusu hivi. Wenye haraka watakusumbua; waeleze kwa nini.

Jifunze pia kuisoma saa yenyewe. Ni biti 64, inahesabu tangu Januari 1, 1900. Ukikutana na tarakimu 16 za heksadesimali (namba za msingi wa 16) kwenye dampo, yaani nakala ya yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine, ondoa tatu za mwisho. Zilizobaki ni mikrosekunde. Nafasi yake itajaa Septemba 17, 2042, hivyo programu mpya zisome saa kwa agizo la STCKE, lenye nafasi ndefu zaidi, si STCK la zamani.

Neno la mwisho kwa mnaosimamia mifumo ya Ulaya mkiwa Nairobi au Dar es Salaam. Sisi tuko E.03.00.00, yaani saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba wenzetu hubadili saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa kumi alfajiri kwetu, Ujerumani hurudisha saa moja nyuma, na saa yao ya kuanzia 02:00 hadi 03:00 hupita mara mbili. Saa ya ndani ya mashine haiguswi, inabadilika saa ya kienyeji tu. Kagua mapema kazi zote zilizopangwa 02:30, na usiku huo soma logi kwa UTC.